Dkt. Dalila Karim na Kimeng'enya cha Hatua ya Nne

Baada ya miaka thelathini na miwili katika maabara yetu ya Kalundu, Daktari Dalila Karim anastaafu tarehe 30 Juni. Aliingia kama mpimaji wa maji ya ziwa. Anaondoka akiwa mkuu wa utafiti wa bakteria.

Swali lililomkalia moyoni ni hili: bakteria wa matope ya mto Ruzizi hujitengenezeaje koenzimu, kile kisaidizi kidogo ambacho vimeng'enya vyao vingi haviwezi kufanya kazi bila hicho? Wageni waliotatizika aliwapeleka bandarini, wakawatazama wapagazi wakipokezana magunia hadi botini. Ndivyo koenzimu inavyojengwa, aliwaeleza: kila kimeng'enya hupokea, hubadilisha kidogo, humpa mwenzake.

Hatua zilikuwa tano. Vimeng'enya vinne alivitambua. Cha hatua ya nne hakikuonekana. Furaha, msaidizi wake, hakuacha kumtania: “Mama Dalila, ule mufanyakazi alishakimbia kazi. Tumutafute Bujumbura.” Mama alicheka, akaendelea kutafuta.

Mwaka huu ripoti yake ya mwisho ilikamilika, isipokuwa pengo hilo. Donatien, mwenzetu wa maabara, na wengine wetu tulimshauri aazime jina la kimeng'enya kinachojulikana kwa bakteria wengine, asije akastaafu na kazi nusu. Alikataa. Hajakiona, alisema, kwa hiyo hatakiandika.

Mwezi Machi, Furaha alikiweka kimeng'enya cha tatu peke yake katika mrija, pamoja na malighafi yake. Kilichopatikana kilikuwa zao la hatua ya nne. Akadhani mrija ulikuwa mchafu, akaumwaga. Daktari akaomba jaribio lirudiwe kwa vifaa vipya, kisha likarudiwa tena. Jibu likawa lile lile. Ndipo alipotuonyesha kosa letu: tulizoea mno mfano wa bandarini, tukamtafuta mpagazi mmoja kwa kila hatua, kumbe kimeng'enya cha tatu kilifanya kazi mbili.

Ripoti imetumwa bila pengo. Kesho yake Daktari alikuwa anauliza kwa nini bakteria hao waliunganisha kazi hizo. Swali hilo amemwachia Furaha, kwa sharti moja: jibu likipatikana apigiwe simu, hata akiwa Lemera kwa wajukuu.

Mama Dalila, tunakushukuru kwa kutufundisha kusubiri tuone. Mungu akupe afya na siku zenye utulivu. Simu tutapiga.