Viatu Vilivyozagaa Darasani: Kumuaga Mwalimu Evarista Kaduma

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, yote katika shule yetu hapa hapa Ipogolo, Mwalimu Evarista Kaduma anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Alianza na darasa la kwanza. Mwaka 1998 aliomba mwenyewe kuhamia darasa la awali, na wenzake wakadhani amechoka mapema.

Hakuwahi kukikalia kiti cha mwalimu. Alikaa mkekani, mifuko ya aproni imejaa visoda vya chupa na mbegu za parachichi, akiwauliza watoto maswali badala ya kuwamiminia majibu. Mthibiti ubora mmoja alikuja kumkagua, akajikuta amepiga magoti saa nzima, akishikilia mnara wa maboksi kwa amri ya mtoto wa miaka mitano. Kalamu aliyoiangusha tuliiokota wiki iliyofuata.

Kila asubuhi mtoto alivua viatu na kuviweka kwenye kona aliyoichagua siku hiyo: ya ujenzi, ya maji, ya vitabu au ya mapishi. Mwalimu aliviangalia, akajua nani anataka kujifunza nini, na somo lake likaanzia hapo.

Mimi sikujua. Mwaka 2016, nikiwa mwalimu mpya wa taaluma na kiherehere changu, niliona viatu vimezagaa. Nikaagiza vipangwe mstari mmoja mlangoni, watoto wakae kwenye madawati, wanakili kutoka ubaoni. Mwalimu Evarista alinieleza kwa upole kwamba vile viatu ndivyo vinavyowasemea watoto. Nikamjibu kwamba wazazi wanataka kuona madaftari yamejaa. Hakubishana nami tena.

Darasani alikuwamo Esnath, binti aliyekuja akijua Kihehe tu, akakaa kimya miezi miwili. Wiki moja kabla ya agizo langu alikuwa ameanza kuwaamrisha wenzake kwa Kiswahili kwenye kona ya ujenzi: shika hapa, leta lingine, we usiangushe. Baada ya agizo alinyamaza tena. Muhula ulipoisha wazazi wake walihamia Iyunga, Mbeya, naye akaondoka hajatuambia hata kwaheri. Ndipo nilipokwenda kuketi mkekani, nikaelewa alichonieleza Mwalimu, nikafuta agizo. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na ninajuta hadi leo.

Kwa miaka tisa Mwalimu Evarista hajanikumbusha kosa lile hata kwa utani. Boksi alilokuwa akijengea Esnath bado liko juu ya kabati la Mwalimu, nami naliona kila niingiapo. Sijawahi kumwomba radhi mbele ya watu. Nisamehe, Mwalimu.

Asante kwa watoto wote uliowasubiri mpaka wakawa tayari, na kwa kunisubiri mimi pia. Tunakuombea afya, mvua za kutosha shambani, na wajukuu wenye maswali mengi. Nimeomba kulipokea darasa lako, na nimekubaliwa. Shule zikifunguliwa Julai, nitavua viatu vyangu na kuviweka kona ya ujenzi.

Mwalimu Faustina Sanga