Kiti cha Karibu na Jiko

Marehemu Ercilio Báez Soto alizaliwa tarehe 3 Mei 1948 kijijini Loma Quemada, katika milima ya Ocoa, mtoto wa kwanza wa Don Tiburcio na Doña Mélida. Baba yao alipofariki, Ercilio aliacha shule akiwa darasa la nne ili mdogo wake Ubaldo aendelee. Ubaldo huyo ndiye anayewasomea maneno haya, na anaomba radhi mapema endapo sauti yake itakatika.

Kazi ya marehemu ilikuwa kahawa: kuipanda, kuichuma, kuianika na kuikaanga. Mwaka 1974 alifunga ndoa na Nereida Sánchez, ambaye mpaka leo anasema alikubali posa kwa sababu ya harufu ya shati lake. Walijaliwa binti mmoja, Yocasta.

Novemba 1987 Ubaldo alipanda mashua ya magendo kwenda Puerto Rico bila kumuaga mtu. Miezi miwili ikapita kimya. Tarehe 21 Januari 1988 marehemu alikwenda kuhiji Higüey, akapiga magoti mbele ya picha ya Bikira Maria wa Altagracia na kumwahidi Mungu kwamba hatagusa kahawa mpaka mdogo wake akae tena jikoni kwake na kunywa kikombe. Machi barua ikafika: Ubaldo yu mzima, ni meneja wa hoteli mjini San Juan. Nyumba nzima ilisherehekea kwa kahawa, naye Ercilio akanywa maji ya tangawizi.

Tangu hapo, mkaangaji hodari kuliko wote mlimani hakuionja kahawa yake. Aliinusa tu, akampa mkewe kikombe na kumtazama usoni ajue kama imeiva.

"Ole wangu ninune kwa mambo yangu mengine," Nereida alikuwa akilalamika. "Gunia zima linarudi motoni."

Padri alimweleza kwamba nadhiri inaweza kubadilishwa kwa sadaka nyingine. Marehemu alimshukuru, akaendelea na tangawizi yake.

Ubaldo alipata karatasi za ukaazi mwaka 1996. Alikuja nchini mara tatu, na mara zote tatu akaishia mji mkuu, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka hapa. Hakuwa meneja hata siku moja. Alikuwa mwosha vyombo, na jikoni kwa Ercilio watu huuliza maswali. Basi akawa anapiga simu na kujichekesha.

"Kaka, kunywa bwana. Mimi ni mzima, si ndicho ulichotaka?"

"Niliahidi mpaka ukae hapa, Baldo. Kiti chako kipo."

Ubaldo akajibu, mwakani. Alijibu hivyo miaka ishirini na mitatu, na anasimama mbele yenu akiona aibu isiyo na pa kujificha.

Septemba mwaka huu marehemu aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Jumanne tarehe 12 Novemba Ubaldo aliingia wodini na kikombe cha kahawa cha kununua mlangoni. Akamweleza kaka yake ukweli wote kuhusu hoteli.

"Tulijua zamani," alisema Ercilio. "Nani alikuuliza?"

Ubaldo akamsogezea kikombe, marehemu akakirudisha taratibu.

"Hapa si jikoni, mdogo wangu. Ijumaa wananiruhusu kurudi nyumbani. Utaanza wewe, kisha mimi."

Alifariki Alhamisi tarehe 14 Novemba 2019, asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Kikombe kile kilikuwa bado dirishani.

Ameacha mjane, Nereida, binti, Yocasta, wajukuu wawili, na mdogo wake Ubaldo, aliyechelewa. Baada ya maziko mnakaribishwa nyumbani. Nereida amekaanga kahawa ya mwisho aliyoichuma mumewe, na ameagiza kwamba hakuna atakayemiminiwa kabla Ubaldo hajakaa kwenye kiti kile cha karibu na jiko na kumaliza kikombe chake, watu wote wakimtazama.

Mungu amlaze Ercilio mahali pema, na ammiminie kwa mkono wake mwenyewe.