Aliyeishika Nyundo Nyeusi

Wafiwa wenzangu, majirani, na nyinyi mafundi mliojaza viti vya mbele, nimesimama hapa kwa niaba ya familia kusoma maisha ya kaka yangu, na najua wengi wenu mmeguna mliponiona nimeshika karatasi hizi, kwa sababu mimi na marehemu hatukuwa watu wa kusalimiana, lakini ndiye aliyeagiza kwamba nisome mimi na asisome mwingine, hata mwanawe. Ameziandika kwa mkono wake, kurasa sita, peni ya bluu, baada ya sauti kumkauka, akazitia kwenye bahasha na kumkabidhi shemeji yangu, mjane wake aliyekaa pale, akamwagiza isifunguliwe mpaka atakapokata roho. Tumeifungua juzi. Watu husema marehemu hasemwi, nami nakubali, leo hasemwi, anasema mwenyewe, mimi nimefanywa mdomo tu, na pale nitakapotia la kwangu mtalitambua kwa ukali wake.

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 6 Juni 1963, mtoto wa kwanza kati ya wawili, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga yenye sakafu ya saruji iliyopasuka katikati, baba akiwa mpaka rangi na mama mshona mapazia, na mimi nikamfuata miaka mitano baadaye. Anaandika kwamba alinibeba mgongoni mpaka nikajua kutembea. Kunibeba alinibeba, sikatai, na siku moja akaniangusha kwenye ngazi nikapata kovu hili la kidevuni, akamwambia mama nimejiangusha mwenyewe, hilo kalamu yake imelipita.

Alianza shule ya msingi Januari 1971, akamaliza Novemba 1977, akakaa nyumbani mwaka mzima akimbebea baba ngazi na ndoo, halafu akaingia chuo cha ufundi mwaka 1979 na kutoka Desemba 1980 na cheti cha uashi, hesabu zikiwa zimemshinda na mwandiko pia, ila mwalimu wa karakana aliandika kwenye cheti hicho kwamba mkono wa kijana huyu unasikia. Mwalimu hakukosea. Nimemchukia kaka yangu karibu miaka ishirini na mitano, nimechukia mpaka sauti yake redioni alipohojiwa, lakini anayesema hakuwa fundi ni mwongo.

Kazi aliianza Februari 1981, kwanza kuchanganya zege, kisha kujenga kuta, na kuanzia mwaka 1985 kutandaza vigae, ambako alipata jina la Taratibu, kwa sababu wenzake walipiga kama wanaua nyoka na yeye alipiga kama anayebisha hodi kwa mkwe. Mimi alinichukua mwaka 1986, na jambo la kwanza alilonifundisha ni kununua nyundo ya mpira, akisema fundi anayetumwa nyundo akaleta yoyote hafai kutumwa hata maji. Alinifundisha kuubonyeza mpira kwa ukucha, kwamba ukigoma kabisa kama mfupa utapasua kigae, na ukibonyea kama andazi utarukaruka bila kukikalisha, kwamba ya nusu kilo inatosha sakafu za ndani na ya kilo moja ni ya mawe ya uani, kwamba mpini ushikwe mwishoni na kifundo cha mkono ndicho kifanye kazi, si bega, kwamba unaanza katikati ya kigae ukielekea pembeni na kona huigusi, na unasikiliza, maana kigae kilichokaa vizuri hujibu kwa sauti nzito na kilicho na upenyo chini hulia kama debe. Alikataza kuiacha juani, mpira usije ukakauka na kupasuka, na alikataza kugongea patasi au msumari, maana kichwa kikishapata makovu kila kovu linahamia kwenye kazi ya mwenye nyumba.

Na juu ya yote alinifundisha kuisugua nyundo mpya kwenye karatasi nyeupe hapo hapo dukani, ikiacha mstari ujue hiyo ni ya nje, ya mawe ya njia, na haiingii ndani kwenye jiwe la rangi ya maziwa, huko ni mpira mweupe peke yake, au ukikosa kabisa, ufunge kitambaa safi kichwani mwa nyundo. Muuza vifaa aliyekaa safu ya pili anayajua haya, aliona karatasi zetu kwenye kaunta yake miaka kumi na nne, na mpaka leo anawauzia watu nyundo nyeusi inayonuka tairi akiwaambia zote ni sawa, asinikunjie uso, nimemwona.

Hapa karatasi za marehemu zinatoka mwaka 1999 na kuruka hadi 2001, kama mtu anayevuka dimbwi asichafue viatu, na nyinyi nyote mnajua ni mwaka gani ameuruka. Ni mwaka wa ule ukumbi wa mapokezi katika jengo jipya la ofisi, jiwe jeupe safu ishirini na mbili, kazi yetu mimi na yeye ya wiki tatu, kusawazisha sakafu kisha kutandaza, na asubuhi ya Jumatano, tarehe 15 Machi 2000, msimamizi alipofungua mlango alikuta safu saba za mwisho zina madoa meusi ya duara, kila jiwe madoa yake, kama limekanyagwa na paka. Tulisugua kwa sabuni, tukasugua kwa msasa, jiwe lile linanywa, lilikwisha kunywa. Kabla ya saa sita kaka yangu, mtu aliyenibeba mgongoni, alitia saini barua kwamba safu zile zilitandazwa na mdogo wake jana yake mchana, kwa nyundo nyeusi, bila ruhusa.

Jana yake, Jumanne, tarehe 14, mimi nilikuwa kliniki ya macho na mama tangu asubuhi hadi jioni, kadi ina mhuri, nikaileta kwenye chama cha mafundi mkasema mtu anaweza kutoka kliniki na kurudi. Mama alitaka kuja kusema, kaka akamwambia akifungua kinywa atakuwa ameua watoto wawili kwa siku moja, akanyamaza, na tukamzika mwaka 2006 akiwa bado amenyamaza. Mkaniondoa kwenye orodha, mkaniita Madoa, watoto wangu wakaitwa watoto wa Madoa, na mkaniwekea kanuni yenu, kwamba aliyemshtaki fundi ndiye pekee anayeweza kumrudisha, kwa kauli yake mwenyewe. Nikaenda gereji kunyoosha bodi za magari, huko nyundo nyeusi haina kosa, maana rangi inapigwa baadaye, na kaka mwezi uliofuata akawa msimamizi wa vigae wa jengo la pili.

Turudi kwenye karatasi. Marehemu alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1987, na shemeji yangu, aliyekuwa karani wa ghala la mbao, mwanamke ambaye sijawahi kusikia neno baya juu yake, na lililo baya najua mimi, kwamba alilijua jambo hili tangu mwaka ule akalala nalo, akapika nalo, na sikukuu akaniletea sahani ya chakula mlangoni bila kuniangalia usoni. Juzi tulipofungua bahasha alilia, nikamwambia alie tu, sikumbembeleza.

Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza binti, Oktoba 1988, sasa ni muuguzi, wa pili mvulana, Mei 1991, sasa ni fundi kama baba yake na mkono wake nao unasikia, na wa tatu binti, Agosti 1996, sasa ni dereva wa winchi, naye namsifu zaidi ya wote kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa akija gereji kuninunia ana kwa ana, badala ya kuninunia kwa mbali. Watoto hawa sina ugomvi nao, wamechanganyikiwa kama mimi, na nawaomba radhi kwa maneno wanayoyasikia mbele ya jeneza la baba yao.

Maradhi yalianza Agosti 2021, kikohozi kikavu, ambacho madaktari walisema ni vumbi la mawe lililojaa mapafuni, karibu miaka arobaini ya kukata vigae bila kufunga pua, na kufikia Desemba mwaka jana sauti ilikatika, akawa anaongea kwa kuandika. Nilikwenda kumwona Jumapili, tarehe 19 Januari, saa kumi alasiri, sikwenda kwa mapenzi, nilikwenda na karatasi na peni, nikamwambia nataka mistari miwili tu kwa mwenyekiti wa mafundi, basi, nitamfulia na shuka akitaka. Aligeukia ukutani. Nilitoka wodini nikitukana, muuguzi wa zamu alinisikia na namwomba radhi, na nikaapa sitokuja kwenye mazishi haya.

Sasa nasoma ukurasa wa sita, alioandika usiku uleule kwa ushahidi wa shemeji, na nitausoma polepole ili mwenyekiti apate kuandika. Marehemu anasema kwamba safu saba zile alizitandaza mwenyewe, peke yake, Jumanne mchana, kwamba kichwa cha nyundo nyeupe kilichomoka kwenye mpini wakati udongo wa saruji ulikwisha kuchanganywa na unakauka, kwamba duka la vifaa lilikuwa mwendo wa dakika kumi na hakwenda, kwamba shati lake lingetosha kufungia nyundo na hakulivua, kwa kuwa ukumbini kulikuwa na wageni wa mwenye jengo na aliona haya kubaki kifua wazi, akajidanganya kwamba atayafuta madoa kesho. Anasema mdogo wake hakuwepo. Anasema alijua kwamba akikiri usimamizi wa jengo la pili ungempita, na kwamba mbele yangu hawezi kuandika, ila akifa nimsomee mimi, kwa kuwa nikisoma mimi mtajua hakuna lililorukwa wala kulainishwa, maana hakuna anayedhani mimi nitamtetea.

Hivyo ndivyo alivyoandika, akatia saini, na saini ni yake. Miaka yote hiyo ulimi ulikuwepo, mkono ulikuwepo, ukumbi ule upo na watu wanaukanyaga, akasubiri mpaka sauti ikatike na jeneza lichongwe ndipo atoe neno, tena alitoe kwa kinywa changu, huu ni woga, na sijui jina lingine la kuupa. Marehemu alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, miezi minane na siku tatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, waliomgeuza ubavu hata alipowakunjia ngumi, majirani waliotoa viti na maturubai, na wafanyakazi wenzake waliochimba kaburi tangu alfajiri, na kwa mwenyekiti nimeona ameandika jina langu kwenye daftari, ameniambia kwa ishara kwamba nimerudi, namshukuru. Asubuhi wakati wa sala wenzangu mlipopiga magoti mimi nilibaki nimesimama, nikasikia mkinong'ona kwamba hata kwa Mungu nina kiburi, basi jueni kwamba magoti haya yameishia kwenye sakafu ya gereji, chini ya magari ya watu, yana vyuma viwili kila upande na hayakunjiki tena, na kigae hakitandazwi na mtu aliyesimama. Kaka, nimesoma kama ulivyotaka, sikuacha mstari. Pumzika, na hiyo amani, ukiipata huko, uipokee wewe, mimi bado sijakupa.