Blanketi Aliloshindwa Kulivua

Wasikilizaji wapendwa, leo sauti yangu ni nzito, mtanisamehe. Jumatatu tulimpoteza 'M'e, mama yetu, Malikeleli Ramokoatsi, kwao Mokhotlong, huku kwetu Lesotho. Miaka sabini na minne. Naibu kiongozi wa chama tawala. Ndiye aliyesimama ndani ya chama chake akamwambia waziri mkuu aliye madarakani: ondoka.

Alishindwa. Hilo mnalijua. Alivyoshindwa, wengi hamjui.

Alianza kazi kama mkunga. Mama mmoja alimfia njiani, juu ya farasi, kwa kuwa zahanati ilikuwa imefungwa. Hakumsahau. Alipoingia siasa, waziri mkuu akamwahidi zahanati tisa. Miaka sita ikapita, hata moja haikufunguliwa. Ndipo akawazungukia wabunge wa chama, mmoja mmoja. Walikuwa hamsini. Thelathini wakamwapia kwamba watapiga kura ya kumng'oa waziri mkuu.

Asubuhi ya kura baridi ilikuwa ya kukata masikio. Waziri mkuu aliingia ukumbini na blanketi jipya, akamwendea moja kwa moja, akamfunika mabegani mbele ya wote.

"Utaugua, mwanangu," akasema.

Jamani! Angefanya nini? Mzee wa rika la baba yake amemvisha blanketi kwa mikono miwili. Kulivua pale ni kumtemea mate.

"Asante, ntate, baba yangu," akajibu, akakaa nalo.

Wabunge wakatazamana. Mmoja akanong'ona, "Hawa wameshapatana. Sisi ndio tutakaoumbuka." Kura ilikuwa ya kunyoosha mikono. Ikanyooshwa kumi na miwili. Narudia: thelathini waliapa, kumi na wawili wakanyoosha.

Dada yake, Mapulane, alimfokea siku hiyo hiyo. "Si ungelitupa chini, wee!"

"Nilitupe, halafu nirudi nyumbani na uso gani? Niache, ausi, dada yangu. Nimechoka."

Akarudi kijijini kuzalisha wanawake, miaka kumi na saba. Blanketi akalifungia sandukuni.

Sisi Basotho huzikwa na blanketi. Mapulane alipolitoa, lilikuwa jipya vile vile. Akaniambia, "Alikataa tumzike nalo. Alisema limeshamfunika vya kutosha. Tumpe mzazi wa kwanza mwenye uchungu atakayebisha hodi."

Mzazi huyo alifika jana, juu ya farasi. Zahanati ya kwao imefungwa.

Poleni sana 'M'e Mapulane na ukoo wote wa Ramokoatsi. Maziko ni Jumamosi. Nanyi waheshimiwa kumi na wanane, najua mnanisikia. Njooni. Jeneza ni zito, na mikono yenu bado mnayo.