Sanduku Lililorudi Uwanjani

Sanduku lilinikanyaga mguu kabla mwenyewe hajaketi. Tulikuwa ndani ya basi la jiji, Oklahoma City, asubuhi moja ya Juni, na mwenye sanduku, mama mmoja, alikuwa amevaa jezi ya chuo cha bintiye, ambaye ni mrusha mpira wa softiboli, ndugu yake besiboli.

"Mashindano ya taifa ndiyo kwanza yameanza, wewe unahama?" mzee mmoja mwenye kofia ya mpira wa kikapu akamchokoza.

"Narudi uwanjani, mzee wangu! Jana timu ya binti yangu Brandi ilipofungwa nilidhani wametolewa; nililia, nikafungasha, nikakimbilia stendi. Kikapu ndicho kilichoniharibu akili. Mtoto akanipigia: 'Mama, uko wapi? Huku hutolewi mpaka ufungwe mara mbili!'"

"Huko ni kudekeza watoto. Kwenye kikapu ukifungwa mara moja, kwenu."

"Ndiyo maana kila Machi, vyuo vikicheza kikapu, karatasi yako ya kutabiri washindi inafia siku ya kwanza."

Mzee akakohoa. Nakijua kikohozi hicho. Karatasi yangu hufia saa sita mchana.

"Brandi yuko mwaka wa mwisho," mama akasema, sauti imeshuka. "Wakifungwa leo, ndiyo basi, hatarusha tena. Lakini leo anarusha. Aliyebuni hiyo mara ya pili Mungu ambariki, yeye na mkewe na mbwa wao."

"Bado ni kudekeza," mzee akashikilia.

Basi likasimama uwanjani. Mzee, ambaye alikuwa ametuambia anakwenda kung'olewa jino, akalinyanyua sanduku akashuka nalo. "Wakifungwa, nalirudisha stendi mwenyewe."

"Lishike vizuri basi," mama akamjibu, "utakaa nalo mpaka fainali."