Mama Klipu Aacha Meza ya Dashibodi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufungua dashibodi za watu bila kuziacha na mkwaruzo, Mama Klipu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Gereji nzima imesikitika. Mimi, fundi injini wa meza ya jirani niliyeombwa kuandika wasifu huu, nimesikitika kiasi.

Jina alilipata kutokana na klipu, vibanio vidogo vya plastiki vinavyoshika paneli. Sisi tukivuta, vinakatika. Yeye huviachia polepole kwa kijiti cha plastiki, na kila skrubu huichomeka kwenye kadibodi yenye mchoro wa dashibodi yenyewe, mahali pake hasa. Hajawahi kubakiwa na skrubu hata moja. Inaudhi.

Kilichoniuma zaidi ni masomo yake ya Jumamosi kwa wenye magari wanaotaka kusafisha au kubadili taa za dashibodi nyumbani. Kwanza anawafundisha kuzima gari na kuchomoa waya hasi wa betri. Halafu wanakaa robo saa nzima bila kugusa kitu, hadi umeme uliobaki kwenye mfuko wa hewa wa usukani, ule wa kumkinga dereva ajalini, uishe. Watu walijaa. Mke wangu naye alijiandikisha, na fundi anaye ndani ya nyumba!

Wivu ukanipanda. Nikafungua dashibodi ya gari letu uani kwa bisibisi ya chuma, betri sijaigusa. Nilivunja klipu saba, kisha mfuko wa hewa ukafyatuka karibu na sikio langu. Mke wangu alimpigia Mama Klipu kabla ya kuniuliza kama mimi ni mzima. Mama alikuja, akafunga mfuko mpya, na hapa kazini hakumwambia mtu. Hata kutunza siri ananishinda.

Mwezi uliopita meneja alimwuliza nani arithi meza yake. Nimeitamani miaka tisa, nikajua nimekwisha.

"Mpe huyu jirani yangu," alisema. "Yeye sasa anajua kwa nini tunasubiri."

Nilishindwa kumtazama usoni.

Mama Klipu, kwa niaba ya wote, asante sana. Pumzika, ule raha na wajukuu zako, afya isikupungukie. Simu za wateja usipokee, sasa wateja hao ni wangu. Ya mke wangu pokea tu, mama. Hapo nimesalimu amri.