Mama Rudia na Mkono Uliofumbwa

Ifikapo tarehe 30 Novemba, katekista wetu mkuu atastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha dini katika parokia hii. Watoto humwita Mwalimu. Sisi wengine, pamoja na paroko anapojisahau, tunamwita Mama Rudia, kwa sababu hajawahi kusikia sala ikisemwa mbiombio akaiacha ipite. Mwaka jana msomaji wa somo la pili aliruka mstari mzima, na kutoka benchi la mbele ikasikika sauti ya upole: "Rudia." Akarudia.

Alianza Februari 1994, akiwa mke wa seremala na mama wa watoto wadogo. Darasa lilikuwa stoo ya viti vibovu nyuma ya sakristia. Mumewe alitengeneza mabenchi, yeye akafuta buibui, na mafundisho yakaanza na watoto wachache waliokuja zaidi kwa sababu ya mvua kuliko imani.

Utaratibu wake haujabadilika. Kila Jumamosi mtoto huondoka na kitu kimoja, iwe sala, amri au kisa cha mtakatifu, naye hutakiwa kumfundisha mtu wa nyumbani kwao. "Ulichopokea hapa, kipeleke nyumbani," ndivyo anavyowaaga. Wiki inayofuata, swali la kwanza ni moja: "Ulimpelekea nani?" Wazazi walilalamika. Dereva mmoja wa lori alimjia juu: "Mwalimu, siku hizi nikikaa mezani natahiniwa. Jana binti yangu kaninyima chumvi mpaka nimalize Sala ya Kutubu." Mama Rudia alimuuliza kama aliimaliza.

Ni utaratibu huo uliokaribia kumtoa kazini.

Jumapili ya tarehe 8 Juni 2008 ilikuwa siku ya Komunyo ya Kwanza. Kanisa lilijaa hadi kwenye ngazi. Mama Rudia alisimama karibu na altare, akiwaangalia wanafunzi wake wakipokea mmoja baada ya mwingine. Ikafika zamu ya binti wa fundi magari, mtoto mkimya aliyelelewa na bibi yake tangu mama yake afariki. Padre akaweka Hostia, mkate mtakatifu, kwenye kiganja chake. Mtoto akasema Amina, akafumba mkono, akarudi kwenye nafasi yake. Hostia hakuipeleka mdomoni.

Mama Rudia aliona. Mwenyekiti wa halmashauri ya walei naye aliona.

Kupiga kelele kungegeuza ibada kuwa vurugu, na mtoto yule asingekanyaga tena kanisani. Kunyamaza nako kungeuacha Mwili wa Bwana ndani ya ngumi ya mtoto. Mama Rudia alijibana kwenye benchi kando yake, akaushika mkono ule kwa chini, kama mtu anayeshika yai. Yakaja matangazo. Ikaja hotuba ya wazazi. Mtangazaji akaomba makofi kwa ajili ya watoto, na kanisa zima likapiga, isipokuwa wao wawili. Nje mpiga picha alipaza sauti, "Haya wanangu, tupungeni mikono!" Mtoto alipunga wa kushoto.

Ndipo Mama Rudia akamuuliza kwa kunong'ona, "Umemchukulia nani?"

"Bibi. Toka Pasaka anamsubiri Padre."

Siku zile tulikuwa na padre mmoja na vigango vingi vya mbali vya kuhudumia; wagonjwa walisubiri. Padre alipoambiwa, alikuja na stola yake bado shingoni, akanyoosha mkono. Mtoto akauficha wake nyuma ya gauni. "Mwalimu alisema tupeleke nyumbani," alisema, na machozi yakaanza.

"Afunguliwe hapa hapa," mwenyekiti alisema. "Hili si la kubembeleza."

"Ukimfungua kwa nguvu utavunja kilichomo," alijibu Mama Rudia, "na aliyekishika pia."

Padre aliwatazama wote watatu. Kisha akasema twende.

Waliotembea siku ile hawajasahau. Mtoto mbele katika gauni jeupe, Mama Rudia begani pake, Padre nyuma akisali kimoyomoyo, na mwenyekiti mwishoni, uso umemjaa mawingu. Jua lilikuwa kali na kiganja cha mtoto kilitoka jasho. Kwenye mtaro ulio karibu na soko alijikwaa, magoti yakagusa chini, lakini mkono aliuinua juu. Akasimama, wakaendelea.

Nyumbani, fundi alikuwa chini ya gari. Hakuwa ameingia kanisani tangu alipomzika mkewe. Alitoka na grisi hadi viwikoni, akaona stola, akadhani mama yake amekata roho. Alipoelezwa, hofu ikageuka hasira, akainua mkono ampige bintiye. Mama Rudia akaingia katikati.

"Baba, mtoto hajakosa. Nilimtuma mimi, nikasahau kumwonyesha njia."

Chumbani bibi alijaribu kuketi. Mtoto alipiga magoti kando ya kitanda na kufumbua mkono mwenyewe, bila kuambiwa. Hostia ilikuwa imelowa na kukunjika, lakini nzima. Padre aliimega vipande viwili. Kimoja akampa bibi. Kingine akampa mtoto, na hiyo ndiyo ikawa Komunyo yake ya kwanza. Kisha, ili hata chembe isipotee, akakiosha kile kiganja juu ya glasi, na bibi akanywa maji yale. Fundi alisimama mlangoni, mikono yake michafu ameificha mgongoni.

Jumatano, tarehe 11, halmashauri iliketi. Mwenyekiti alitaka Mama Rudia aondolewe. Alisema Mwili wa Bwana umebebwa njiani kama karanga. Mama Rudia aliweka funguo mezani, akaomba jambo moja tu: mtoto asitajwe tena. Padre akauliza ni wagonjwa gani wengine wamekaa bila Komunyo tangu Pasaka. Watu wakaanza kuwataja. Mwenyekiti alitaja wa mwisho: mama yake mzazi, nyumbani kwake. Baada ya hapo alizisukuma zile funguo mezani mpaka zikamfikia Mama Rudia.

Mwezi uliofuata wahudumu wa Komunyo kwa wagonjwa waliteuliwa, mwenyekiti akiwa wa kwanza kujitolea, na hadi leo hawajakosa Jumapili. Tungependa kuandika kwamba fundi alirudi kanisani mara moja. Hakurudi. Lakini kila Jumapili, wahudumu walipomfikia mama yake, walimkuta amenawa mikono hadi viwikoni, ameketi karibu na kitanda, akisubiri pamoja naye.

Mama Rudia hakuacha utaratibu wake. Aliongeza sentensi moja tu, anayoirudia kila mwaka kabla ya Komunyo ya Kwanza: "Hostia inaliwa hapa hapa, wanangu. Mengine yote pelekeni nyumbani."

Mwalimu, kwa niaba ya wote uliowatahini, na wazazi wote waliotahiniwa na watoto wao kwa ajili yako, tunasema asante. Mungu akupe afya, magoti yasiyouma, na Jumamosi za kulala hadi jua lipande. Ulituma vingi katika nyumba zetu, navyo vilifika.